Kichwa Kikubwa, Mabehewa Madogo

Wajenzi wa treni za mfano wana amri moja wanayorithishana kama wosia wa babu: chagua skeli moja, kisha kila kitu juu ya meza kikatwe kwa skeli hiyo, kuanzia kichwa cha treni hadi gunia lililosahauliwa stesheni. Aliyechagua 1:64 asikamate kitu cha 1:87, hata akipewa bure. Amri hii ina busara yake, na kwa reli nyingi inatosha. Sura hii inatetea kuivunja, kwa makusudi na kwa mipaka, pale mtu anapotaka kuijenga njia ya Kampala hadi Kasese. Hoja yangu ni kwamba behewa la mizigo lililopunguzwa kupita skeli ya kichwa kinacholivuta linaweza kuukaribia ukweli wa Kasese kuliko behewa lililokatwa kwa skeli sahihi lakini likatoka kwenye reli ya nchi nyingine. Anayeshika rula peke yake atasema nimechanganya. Aliyeshika rula na picha ya treni yenyewe, naamini, atanielewa.

Tuanze na njia yenyewe, kwa sababu tabia yake ndiyo inayozaa mjadala. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, takribani kilomita 330 kutoka Kampala, kupitia Mityana na Kamwenge, ikashuka kwenye bonde la ufa na kuyapita mabwawa ya mafunjo yaliyo karibu na Ziwa George. Kilichoivuta hadi huko ni shaba ya Kilembe, iliyo kwenye miguu ya Rwenzori, kilomita chache tu kutoka mjini. Madini yaliyokwisha kuchujwa yalipakiwa Kasese na kusafirishwa hadi Jinja, ambako kiwanda cha kuyeyusha shaba kilitumia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo hii ilikuwa reli ya mizigo mizito tangu siku ya kwanza: shaba, baadaye saruji ya Hima, na pamba ya tambarare. Lakini mizigo hiyo mizito ilipita juu ya reli yenye upana wa mita 1 tu, wakati upana ulioenea zaidi duniani ni milimita 1,435. Hapo ndipo wageni wengi hukosea hesabu. Wakisikia reli nyembamba, wanafikiria treni ya bustanini: kichwa kifupi chenye bomba refu, kikikokota vibehewa vitatu.

Aliyewahi kuona Garratt ya East African Railways hawezi kufikiria hivyo. Herbert William Garratt, Mwingereza, alibuni kichwa cha treni chenye sehemu tatu: injini mbele, injini nyuma, na katikati boila lililoning'inizwa kwenye fremu kama machela kati ya wachukuzi wawili. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania, kwenye reli ya milimita 610. Siri ya umbo hili ni kwamba chini ya boila hakuna gurudumu hata moja. Boila la kichwa cha kawaida hukaa juu ya magurudumu, likabanwa nayo. La Garratt lina nafasi ya kunenepa pande zote, na sanduku la moto chini yake likawa pana na lenye kina. Uzito nao hugawanywa kwenye ekseli nyingi, na kwa kuwa injini mbili hugeuka kila moja kivyake, kichwa kirefu kinapita kona kali bila kung'oa reli. Ndiyo maana reli ya mita 1 iliweza kubeba daraja la 59, vichwa 34 vilivyotengenezwa na Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na tani 252, urefu wa karibu mita 32, na boila lenye kipenyo cha mita 2.29. Boila hilo lilikuwa pana zaidi ya mara mbili ya reli iliyokuwa chini yake. Mtu hahitaji kuliamini kwa maneno: 5918, Mount Gelai, imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

Hapa inafaa kutoa onyo dogo. Daraja la 59 halikuwa la Kasese. Lilikuwa zito mno, tani 21 kwa ekseli, na kazi yake ilikuwa njia kuu ya Mombasa hadi Nairobi. Uganda, yenye njia nyepesi, ilifaa daraja la 60, vichwa 29 vya mwaka 1953 na 1954 vyenye mpangilio uleule wa magurudumu 28 lakini uzito mdogo kwa kila ekseli. Hivi vilipewa majina ya magavana wa kikoloni, kisha majina hayo baadaye yakang'olewa. 6006, Sir Harold MacMichael, nayo iko Nairobi. Mjenzi anayebandika kibao cha gavana kwenye treni ya baada ya uhuru, au anayepeleka mlima Gelai hadi Kasese, amefanya kosa kubwa kuliko lolote la milimita tutakalolizungumza. Inashangaza jinsi watu walio wakali kuhusu skeli wanavyoweza kuwa walegevu kuhusu historia.

Sasa hesabu. Reli ya mfano inayopatikana kirahisi kuliko zote, mpya au iliyotumika, ina upana wa milimita 16.5. Katika skeli ya 1:87, ambayo wenyewe huiita H0, upana huo unawakilisha reli ya milimita 1,435 barabara. Katika skeli ya Waingereza ya 1:76 unawakilisha milimita 1,254, yaani reli ambayo haikuwahi kuwapo Uingereza. Ukitaka uwakilishe mita 1 kamili, lazima ujenge kwa 1:60.6, skeli ambayo hakuna anayeitumia. Jirani yake wa karibu mwenye jina ni 1:64, na hapo milimita 16.5 huwa milimita 1,056. Kosa ni la milimita 56 katika mita nzima, ambalo mezani halifiki hata milimita 1. Wajenzi wa New Zealand waliifikia skeli hiyohiyo kwa njia yao, kwa sababu reli yao ni ya milimita 1,067, na 1,067 ukiigawa kwa 64 unapata 16.7. Basi Garratt yetu ya daraja la 60 ijengwe kwa 1:64. Itakuwa ndefu, nzito, na itatawala meza, na ndivyo inavyotakiwa.

Kichwa tumekipata, nyuma yake tuvute nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mabehewa ya East African Railways ya skeli ya 1:64 hayajazi rafu za duka lolote, na mtu akiamua kuyachonga moja moja, atakuwa amezeeka kabla treni ya shaba haijapata urefu wa heshima. Kinachopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu ni mabehewa ya mizigo ya Kimarekani ya H0, yaani 1:87. Kwa amri ya zamani hayo ni haramu: ni madogo kuliko skeli ya kichwa kwa zaidi ya robo. Lakini tuyapime badala ya kuyahukumu kwa jina. Behewa la Kimarekani lililofunikwa lina upana wa takribani mita 3.2 na kimo cha karibu mita 4.5 kutoka kwenye reli. Likipunguzwa kwa 87, linakuwa na upana wa karibu milimita 37 na kimo cha milimita 52. Sasa lisogeze nyuma ya Garratt ya 1:64 na uulize, kwa macho ya huyo Garratt, hili ni behewa la ukubwa gani? Jibu ni upana wa takribani mita 2.35 na kimo cha mita 3.3. Na ukichagua lile refu, linaloitwa la futi 50, urefu wake unasomeka kama mita 11 na nusu hivi. Hilo si behewa la Kimarekani tena. Ni behewa jembamba, la wastani, la magurudumu 8, umbo linalokaa juu ya reli ya mita bila kumshangaza mtu.

Kiini cha hoja ni hapo, nami nitakikazia kidogo. Skeli ni uhusiano kati ya kitu cha mezani na kitu fulani cha kweli. Udogo wa skeli si udogo wa umbo. Behewa la H0 ni dogo kwa skeli ya 1:64 ikiwa tu unasisitiza kwamba linawakilisha behewa la Chicago. Ukiliachisha uraia huo, ukalipaka rangi ya kahawia iliyochakaa, ukaondoa ngazi zake na kuliandika herufi za E.A.R., linawakilisha kitu kingine, na kwa kitu hicho linaweza kuwa sahihi kabisa. Bahati imetusaidia: Marekani ilijenga mabehewa makubwa kupita kiasi juu ya reli pana, Afrika Mashariki ikajenga ya wastani juu ya reli nyembamba, na tofauti kati ya hayo mawili inakaribia tofauti kati ya 1:87 na 1:64.

Wala hili si jambo geni lililozuka kwa ajili ya Kasese. Waingereza walipoanza treni ndogo za mezani, vichwa vyao vya kweli vilikuwa vyembamba mno kiasi kwamba mota ya umeme ya zama hizo haikuingia ndani ya mwili wa 1:87. Wakaukuza mwili hadi 1:76 na kuiacha reli ilivyokuwa, na ndoa hiyo ya skeli mbili inaendelea mpaka leo bila talaka. Marekani, kampuni ya Lionel kwa miaka mingi iliuza mabehewa madogo kuliko skeli ili yapite kwenye duara la inchi 27. Mwaka 1937 ilipotoa kichwa cha Hudson kilichokatwa kwa skeli kamili, wanunuzi wakakuta mabehewa yao ya zamani yanaonekana kama ndama nyuma ya fahali. Wajapani wanauza treni za reli yao nyembamba kwa 1:150 na zile za Shinkansen kwa 1:160, zote juu ya reli ya milimita 9. Kila taifa lilipokutana na tatizo la ukubwa lilifanya maafikiano. Tofauti ni kwamba maafikiano ya wengine yalisukumwa na mota na kona, ya Kasese yanasukumwa na umbo la treni ya kweli, na hiyo ni sababu bora zaidi.

Pingamizi la kwanza najua litakavyosemwa: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Umekosa behewa sahihi, sasa unatunga nadharia ya kulihalalisha lisilo sahihi. Nakiri kwamba uhaba ndio uliofungua mlango. Lakini sababu ya kuuliza swali haiharibu jibu lake. Jibu linasimama au kuanguka kwa vipimo, na vipimo tumevitoa. Tena huyo mwenye msimamo mkali wa skeli tumwombe ajipime kwanza. Kutoka Kampala hadi Kasese kwa 1:64 ni zaidi ya kilomita 5 za reli. Ameweka mita ngapi chumbani kwake? Kilele cha Margherita kina kimo cha mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, na Kasese iko takribani mita 1,000. Rwenzori ya nyuma ya stesheni, kwa skeli ya haki, ingetakiwa kuinuka zaidi ya mita 60 juu ya meza. Kila mtu huichora kwenye ubao wa kimo cha goti, na hakuna anayemwita mwongo. Tunaipunguza milima kupita skeli kwa sababu tunajua jicho husoma mlima kwa kuulinganisha na kilicho mbele yake. Behewa nalo husomwa hivyohivyo, kwa kulilinganisha na kichwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sitalipita mbio. Linasema: macho hayana pazia, mtu atahisi kwamba kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja. Ni kweli, na ndiyo maana ruhusa hii ina mipaka. Jicho halipimi behewa kwa milimita, linalipima kwa vitu ambavyo ukubwa wake linaujua tangu utotoni: mlango wa mtu, dirisha, kiti, ngazi. Sanduku la mizigo halina ukubwa wa lazima. Linaweza kuwa la mita 9 au 12 na hakuna wa kubisha. Mlango una ukubwa wa lazima, kwa sababu mwanadamu ana ukubwa wa lazima. Mtu wa mita 1.7 ana milimita 26.5 katika 1:64, lakini katika 1:87 ana 19.5 tu. Ukichukua behewa la mlinzi wa treni la H0, mlango wake wa mita 2 una milimita 23, na mlinzi wetu wa 1:64 itabidi aingie kwa kuinama kama anayeingia bandani kwa kuku. Hapo udanganyifu umevunjika, na hakuna rangi itakayouponya. Kwa hiyo hukumu yangu ni ya wazi: mabehewa ya mizigo yaliyofunikwa, ya wazi na ya matangi yanaweza kuwa madogo kuliko skeli. Behewa la abiria na la mlinzi haliwezi. Hayo yajengwe kwa 1:64, hata kama ni kwa kadibodi na gundi. Ngazi za H0 zing'olewe, kwa sababu vidaraja vyake vimebanana kupita mguu wa mtu. Magurudumu yabadilishwe yawe ya saizi kubwa kidogo inayouzwa kwa H0. Yaliyokuja na behewa yanasomeka kama ya milimita 616, ambayo hata kwa reli ya mita ni madogo. Viungio navyo vifuate kimo cha mabehewa, kichwa ndicho kikubali kushuka, kwani ni rahisi kurekebisha kichwa kimoja kuliko mabehewa ishirini.

Ubora wa mpaka huo unaonekana vizuri tukifika mwisho wa reli. Reli iliishia Kasese. Bwera, iliyo kusini-magharibi kwenye mpaka wa Kongo, pale mto Lubiriha unapoitenga Mpondwe na Kasindi, haikuwahi kuguswa na treni, na mizigo yake ilitegemea barabara. Anayeijenga stesheni ya Kasese kwa uaminifu lazima aweke lori uani, limeegeshwa ubavuni mwa behewa, magunia yakihamishwa. Atakwenda dukani kununua vigari vya chuma vya kuchezea, atasoma 1:64 kwenye pakiti, atafurahi. Asifurahi haraka. Watengenezaji wa vigari hivyo hukata magari madogo karibu na 1:64, lakini lori hulibana mpaka liingie kwenye pakiti ya saizi ileile, na matokeo yake ni dogo sana kuliko skeli inayotajwa. Je, si nimesema udogo unaruhusiwa? Nimesema kwa sanduku. Lori lina kabini, kabini ina mlango, na mlangoni anakaa dereva. Lori la kwenda Bwera litaishtaki treni nzima mbele ya mtazamaji. Mtoto anayejitengenezea lori la waya hana shida hii, kwani yeye hukuza magurudumu na usukani, vitu anavyovisukuma na kuvishika, na kuacha mengine yajipange. Lakini yeye hajaegesha lake kando ya Garratt.

Yupo atakayeuliza kwa nini tusigeuze kibao: tupunguze kichwa, tujenge kila kitu kwa 1:87 juu ya reli ya milimita 12, ambayo huwakilisha mita 1 na sentimita 4. Ni njia ya heshima, na mwenye chumba kidogo aifikirie. Hata daraja la 59 lingekuwa na sentimita 36 tu badala ya karibu 50. Kuna hata mabehewa ya kununua ya skeli hiyo, kwa sababu Uswisi ina reli za mita na kampuni ya Bemo imezitengenezea treni za mfano kwa miaka mingi. Lakini tazama tumefikishwa wapi. Upana wa reli umekaribia ukweli, skeli ni moja, rula imeridhika, na nyuma ya kichwa cha Uganda tumefunga mabehewa ya milima ya Alps, mengi yakiwa mafupi ya ekseli mbili, yenye sura ambayo hakuna mpakiaji wa Kasese angeitambua. Utii kamili kwa skeli umetupa treni ya Uswisi iliyopotea njia. Kati ya hilo na sanduku la H0 lililopakwa rangi upya, mimi nachukua sanduku.

Basi msomaji, kabla hujatoa pesa, kata kipande cha kadibodi chenye umbo la mtu, kimo milimita 26 na nusu, ukitie mfukoni uende nacho dukani. Kisimamishe kando ya behewa unalolitaka. Kikifika karibu nusu ya ubavu wake, na kama hakuna mlango wa mtu unaomfika kifuani, lipia. Kichwa kikizidi mlango, rudisha behewa rafuni.